Tanbihi Isiyokuwapo: Teknolojia ya Kidijitali na Uandishi wa Kitaaluma



Muhula uliopita nilikuwa naandika insha ya metafizikia kuhusu ukweli kwa mujibu wa Mtakatifu Thoma wa Akwino. Usiku ulikuwa umekwenda na insha ilitakiwa asubuhi. Nikaiuliza programu moja ya akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba, inionyeshe mahali ambapo Mtakatifu Thoma anafundisha kwamba anayeeneza jambo asilolihakiki anashiriki katika uongo. Jibu lilikuja papo hapo: Summa Theologiae, Sehemu ya Kwanza, swali la 16, kifungu cha 9. Ikaniongezea na sentensi ya Kilatini. Nikafurahi, nikaiweka katika tanbihi.

Kabla ya kulala nikaona ni vema nifungue Summa yenyewe. Swali la 16 lipo, na kweli linahusu ukweli. Lakini lina vifungu 8 tu. Cha 9 hakipo, na ile sentensi ya Kilatini sikuiona popote. Nusura niwe mimi mwenyewe yule mtu niliyetaka kumwandika: mwenye kueneza asilolihakiki.

Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza ni nini hasa kinachobadilika katika uandishi wa kitaaluma tunapopokea vyombo hivi vipya, na ni nini kisichopaswa kubadilika. Makala hii ni jaribio la kujibu maswali hayo, kwa mafrateri wenzangu wanaoandika insha na tasnifu, na kwa waamini parokiani ambao kila siku wanaletewa ujumbe unaoanza na maneno "utafiti unaonyesha".

Kutoka barua hadi jarida

Tuanze na mwanzo wa jambo. Kwa karne nyingi wasomi wa Ulaya walipashana habari za utafiti wao kwa barua na vitabu. Mwaka 1665 yalianzishwa majarida mawili yaliyobadilisha mambo: Journal des sçavans mjini Paris na, miezi michache baadaye, Philosophical Transactions mjini London, chini ya uhariri wa Henry Oldenburg. Jarida lilifanya mambo manne kwa pamoja: lilitangaza ugunduzi, lilionyesha nani aliyetangulia kugundua, liliweka kumbukumbu, na baada ya muda likawa pia chujio la ubora.

Chujio hilo ndilo tunaloliita uhakiki wa wanataaluma wenzake mwandishi. Mhariri hupokea mswada, huupeleka kwa wataalamu wawili au watatu wa fani hiyo, nao huusoma na kushauri ukubaliwe, urekebishwe au ukataliwe. Utaratibu huu ulienea na kuwa wa kawaida hasa katika nusu ya pili ya karne ya 20. Hauhakikishi kwamba kila kilichochapishwa ni kweli. Unahakikisha tu kwamba macho mengine yenye ujuzi yamepita juu yake kabla yetu.

Tanbihi ni sehemu ya utaratibu huo. Mwandishi anapoweka tanbihi anamwambia msomaji: usiniamini mimi tu, nenda kaangalie mwenyewe. Ni ahadi. Ndiyo maana tanbihi ya uongo si kosa dogo la mtindo. Ni ahadi iliyovunjwa.

Padre na kadi elfu kumi

Wengi wanadhani kompyuta iliingia katika masomo yetu ya falsafa na teolojia kutoka nje, tena juzijuzi. Sivyo. Mmoja wa watu wa kwanza kabisa kutumia mashine kuchambua maandishi alikuwa padre, na maandishi yenyewe yalikuwa ya Mtakatifu Thoma wa Akwino.

Padre Roberto Busa, Myesuit kutoka Italia aliyezaliwa mwaka 1913, alikuwa akiandika tasnifu ya udaktari kuhusu dhana ya uwepo katika Mtakatifu Thoma. Alitafuta maneno ya Kilatini yanayomaanisha uwepo, akagundua kwamba mafundisho hayo yamejificha zaidi katika kihusishi kidogo sana: "in", yaani "ndani ya" au "katika". Hakuna faharasa ya kitabu iliyojishughulisha na neno dogo kiasi hicho. Akaandika kwa mkono kadi zipatazo 10,000, kila moja ikiwa na sentensi yenye neno hilo.

Baada ya kazi hiyo akajiuliza kama mashine ingeweza kusaidia. Mwaka 1949 alikwenda Marekani, akakutana na Thomas J. Watson, mkuu wa kampuni ya IBM, akaomba msaada, akaupata. Kazi ilichukua takriban miaka 30. Maneno yote ya Mtakatifu Thoma, pamoja na ya waandishi wengine walio karibu naye, jumla yapata milioni 11, yaliingizwa katika kadi zenye matundu na baadaye katika kanda za sumaku. Matokeo yake ni Index Thomisticus, mabuku 56 yaliyochapishwa, ambayo baadaye yaliwekwa kwenye diski na kisha kwenye intaneti. Leo frateri yeyote mwenye simu anaweza kutafuta neno lolote katika maandishi yote ya Mtakatifu Thoma kwa sekunde chache, bila malipo.

Tusisahau jambo moja. Mashine ilipanga na kuhesabu, lakini haikujua kwamba "est" na "sunt" ni maumbo ya kitenzi kimoja. Ilibidi watu wakae na kuamua, neno kwa neno, na saa za kazi yao zilizidi mno saa za mashine. Zaidi ya hayo, swali lenyewe kuhusu neno "in" halikutoka kwenye mashine. Lilitoka kwa msomaji aliyekuwa amekaa muda mrefu na maandishi hadi yakaanza kumshangaza.

Milango iliyofunguliwa

Hatua kubwa iliyofuata ilikuwa intaneti. Mwaka 1991 mwanafizikia Paul Ginsparg alianzisha nchini Marekani hifadhi ya miswada ambayo leo inaitwa arXiv. Wanafizikia waliweka humo makala zao kabla hata hazijachapishwa, na yeyote aliweza kuzisoma siku ileile. Mwaka 2002 wasomi walitoa Tamko la Budapest, wakidai matokeo ya utafiti yasomwe na watu wote bila kulipia. Huo ndio mkondo unaoitwa ufikiaji huria.

Mwaka 1998 ulianzishwa mradi wa African Journals Online, wenye makao Afrika Kusini, ili majarida ya Afrika yaonekane duniani. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha HINARI, mpango unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Kwa maktaba zetu zenye rafu chache, hili si jambo la kupita hivihivi. Kitabu ambacho mapadre waliotutangulia walikisikia kwa jina tu darasani, sisi tunakifungua mezani.

Vikaja pia vyombo vya kutunza utaratibu. Makala nyingi sasa hupewa DOI, yaani namba ya kudumu ambayo huifuata makala hata tovuti ikihama. Tangu mwaka 2012 mtafiti naye anaweza kujipatia namba yake ya ORCID, yenye tarakimu 16, ili asichanganywe na mtu mwingine mwenye jina kama lake. Katika nchi ambayo akina Joseph na akina Maria ni wengi, faida yake inaeleweka.

Nani analipa?

Lakini wahenga walisema, hakuna masika yasiyo na mbu. Makala ikisomwa bure, gharama ya kuihariri na kuitunza bado ipo. Majarida mengi yaliihamisha gharama hiyo kutoka kwa msomaji kwenda kwa mwandishi. Mwaka 2020 wachapishaji wa jarida maarufu la Nature walitangaza kwamba ada ya kuchapisha makala kwa ufikiaji huria ingefika yuro 9,500, zaidi ya shilingi milioni 25 za Tanzania. Yapo majarida yanayowasamehe ada waandishi wa nchi maskini, na yapo yasiyotoza chochote. Hata hivyo swali la haki linabaki: mlango wa kusoma ukifunguliwa na mlango wa kuandika ukafungwa, sisi tutakuwa wasikilizaji tu katika mazungumzo yanayotuhusu.

Katika pengo hilo wameingia matapeli. Hayo ndiyo majarida yanayoitwa majarida nyang'au: yana jina la kupendeza, tovuti inayong'aa na ahadi ya kuchapisha ndani ya siku chache, lakini hayana uhakiki wowote. Yanachukua ada na kuchapisha chochote. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alifanya jaribio lililochapishwa katika jarida la Science. Alitunga makala bandia ya kisayansi yenye makosa ambayo mhakiki makini angeyaona mara moja, akaipeleka katika majarida 304 ya ufikiaji huria. Majarida 157 yaliikubali. Linalotugusa zaidi ni kwamba waandishi wa bandia aliowatumia walikuwa na majina ya Kiafrika, na vyuo vyao, ambavyo havikuwapo popote, alivitaja kuwa viko Afrika. Ni sisi tunaowindwa, kwa kuwa ni sisi tunaohitaji kuchapisha ili tupande ngazi na hatuna mtu wa kutuonya.

Haya yanamhusu nini mwamini parokiani?

Pengine mama wa jumuiya ndogondogo atauliza: majarida yana uhusiano gani na mimi? Uhusiano upo, tena wa uhai na kifo. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela inahusiana na usonji kwa watoto. Makala yenyewe ilihusu watoto 12 tu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha udanganyifu, na mwaka 2010 jarida liliiondoa rasmi. Miaka 12 ilikuwa imepita. Hofu ile bado inatembea katika simu za watu, ikisambazwa kwa nia njema na wazazi wanaowapenda watoto wao.

Hapa tunaona pande mbili za teknolojia. Ukifungua makala ile leo kwenye tovuti ya jarida unaona maandishi yanayotangaza kuwa imeondolewa, jambo ambalo nakala ya karatasi iliyoko rafuni haiwezi kufanya. Lakini teknolojia hiyohiyo inaupeleka uongo haraka kuliko masahihisho.

Mashine inayoandika

Mwishoni mwa Novemba 2022 programu ya ChatGPT ilitolewa kwa umma, na mjadala ukabadilika. Mashine za awali zilitusaidia kutafuta, kuhifadhi na kusambaza. Hii inatunga.

Ni vema tuelewe inavyofanya kazi. Programu ya aina hii imefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kutokana nayo imejifunza neno gani huelekea kufuata neno gani. Ukiiomba tanbihi, kazi yake ya msingi si kwenda rafuni kuchukua kitabu. Inaunda maneno yanayofanana na tanbihi. Mara nyingi yanakuwa sahihi kwa sababu ukweli nao umeandikwa mara nyingi. Wakati mwingine yanakuwa kama kifungu changu cha 9. Zipo programu ambazo siku hizi hutafuta kwanza kwenye intaneti kabla ya kujibu, lakini hata hizo hazimwondolei mwandishi wajibu wa kufungua chanzo. Mwezi Juni 2023 mahakama mjini New York iliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili waliowasilisha hati zenye kesi za awali ambazo hazijawahi kutokea. Programu ndiyo iliyozitunga, na mawakili hawakuzihakiki.

Tusiwe na haraka ya kulaani. Kwa wengi wetu Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Programu inayonyoosha sarufi inaweza kumpa mtu mwenye wazo zuri nafasi ya kusikika. Na wanaosahihisha wawe waangalifu pia. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima programu saba zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza zilidhaniwa kuwa za mashine. Kumhukumu frateri kwa ushahidi wa namna hiyo peke yake si haki.

Aina nne za uandishi

Je, mpaka uko wapi? Nimepata msaada kwa Mtakatifu Bonaventura. Katika dibaji ya ufafanuzi wake juu ya Sentensi za Petro Lombardi, anatofautisha namna nne za kuandika kitabu. Wa kwanza ni mnakili, anayeandika maneno ya wengine bila kuongeza kitu. Wa pili ni mkusanyaji, anayeongeza, lakini si cha kwake. Wa tatu ni mfafanuzi, ambaye maneno ya wengine ndiyo ya msingi na ya kwake yanayafafanua. Wa nne ni mwandishi kamili, ambaye ya kwake ndiyo ya msingi na ya wengine yanathibitisha.

Tukiitazama mashine kwa jicho hilo, inanakili na kukusanya kwa kasi ya ajabu, na inatoa maneno yenye sura ya ufafanuzi. Lakini mwandishi ni yule anayeweza kusema "haya ni yangu" na kusimama mbele ya wengine kuyatetea. Ndiyo sababu mwezi Januari 2023 jarida la Nature lilitangaza kwamba halitakubali programu kuorodheshwa kama mwandishi wa makala: mwandishi huwajibika, na programu haiwezi kuwajibika. Mtakatifu Thoma aliwaimlia makatibu wake, na hakuna anayesema Summa ni ya makatibu. Mikono ilikuwa yao. Fikra na uwajibikaji vilikuwa vyake. Sisi tuko katika hatari ya kuugeuza mpango huo: mashine ifikiri, sisi tuwe makatibu.

Kanisa limelitafakari jambo hili. Tarehe 28 Januari 2025, siku ya kumbukumbu ya Mtakatifu Thoma wa Akwino, Mabaraza ya Kipapa ya Mafundisho Tanzu ya Kanisa na ya Utamaduni na Elimu yalitoa hati Antiqua et nova kuhusu uhusiano kati ya akili unde na akili ya binadamu. Mezi Mei mwaka huohuo, Baba Mtakatifu Leo XIV aliwaambia Makardinali kwamba alichagua jina hilo kwa kumkumbuka hasa Papa Leo XIII na waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891. Kama mtangulizi wake alivyoyakabili mapinduzi ya viwanda, leo Kanisa linakabiliwa na mapinduzi mengine yanayoletwa na akili unde.

Tufanye nini?

Kwanza, tufungue kila chanzo tunachokitaja. Kama hatujakisoma, tusikitaje. Pili, tunapotumia programu, tuseme tumeitumia wapi na kwa kazi gani, na tumuulize jaalimu mipaka yake kabla ya kuandika, si baada ya kukamatwa. Tatu, tutunze rasimu zetu za awali, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha safari ya fikra. Nne, kabla ya kulipa jarida lolote tuulize wahariri wake ni akina nani, na tuangalie kama limo katika Directory of Open Access Journals, orodha iliyoanzishwa mwaka 2003. Tano, tuandike. Yaliyomo katika vichwa vya wazee wetu na katika tasnifu zinazoliwa na mchwa hayataonekana na mtafutaji yeyote, awe mtu au mashine, kama sisi hatutayachapisha, na kwa Kiswahili pia.

Kwa mwamini parokiani nina ombi moja tu. Ujumbe ukija na maneno "utafiti unaonyesha", uliza: utafiti upi, wa nani, umechapishwa wapi? Usipopata jibu, usiusambaze.

Mtakatifu Thoma anafundisha, katika swali la 109 la Sehemu ya Pili ya Pili, kwamba ukweli ni fadhila iliyo jirani na haki, kwa kuwa watu hawawezi kuishi pamoja wasipoaminiana. Hiki nimekisoma mwenyewe. Nacho kinanigusa zaidi nikifikiri kwamba baada ya miaka michache, Mungu akipenda, nitasimama mimbarini. Waamini hawatakuwa na tanbihi za mahubiri yangu. Watakuwa na imani yao tu kwamba ninayoyasema nimeyasoma, nimeyatafakari na ninayaamini. Frateri anayezoea kutia saini maneno asiyoyajua anajizoeza kwa siku hiyo bila kujua.

Ile insha niliipeleka imechelewa siku moja, na nikapunguziwa alama. Tanbihi zake ni chache, na zote zipo.